Taa za Upande wa Abiria

Sura ya Tisa

Siku ya tisa tangu muuza mikate aokotwe, Inspekta alitandaza gazeti kwenye meza ya fundi umeme wa magari, akamwaga juu yake vipande vya kioo cha manjano, kitako cha balbu iliyovunjika na nati moja yenye mabawa mawili.

"Sogeza chai yako," alisema. "Usiguse kwanza. Tazama tu."

Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, na watu walimwita Waya tangu akiwa mwanafunzi wa gereji. Alisogeza kikombe, akainama, akatazama kipande kimoja kimoja. Inspekta alimpa muda. Alikuwa mwanamke asiyependa kuharakisha watu, tabia iliyokuwa ikimkera mkuu wake wa kituo.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Muuza mikate, mtu mzima mwenye familia, alikutwa alfajiri kwenye benchi la baraza ya zahanati, mguu umevunjika, kichwa kimepasuka, hajitambui. Mlinzi alisikia honi mara tatu. Alipotoka, aliona taa nyekundu za gari zikipotelea kwenye ukungu. Kilomita mbili nyuma, kwenye barabara ya udongo, polisi walikuta sanduku la mikate limepondwa na gurudumu, baiskeli imelala mtaroni, na hivi vipande vya kioo. Mkuu wa kituo alishaandika juu ya jalada kwa wino mwekundu: Kugonga na kukimbia. Alichobakiza ni jina, na alilitaka kabla ya jioni. Mgonjwa alikuwa amefumbua macho juzi, lakini kumbukumbu yake iliishia pale alipofunga sanduku lake kwenye baiskeli.

Kilichomkwaza Inspekta ni ule mguu. Ulikuwa umefungwa kwa mbao mbili, kuanzia kisigino hadi pajani, na chini ya goti kumewekwa sweta lililokunjwa vizuri ili mfupa usiteseke. Daktari wa hospitali kuu alimwambia waziwazi kwamba hakuwa na la kurekebisha. Mtu anayekimbia hakunji sweta namna ile.

"Hiki si kioo cha taa kubwa ya gari," Waya alisema hatimaye. "Ni cha taa ya kuongezea, zile zinazofungwa kwenye ngao ya mbele. Unaiona mistari hii ya wima? Kazi yake ni kutandaza mwanga pembeni. Taa ya kupiga mbali, kioo chake hakina mistari."

"Na rangi?"

"Manjano ni ya mtu anayesikia ushauri. Wengi wanaokuja hapa wanataka nyeupe kali, waonekane. Ukiingia nayo kwenye ukungu inakurudia usoni, unaendesha kama umefunikwa shuka."

"Umefunga ngapi za namna hii?"

"Mwaka huu, magari mawili. La kwanza ni la mkandarasi wa barabara."

"Nimelikagua leo asubuhi. Taa zote mbili nzima, zina vumbi la miezi. La pili?"

Waya alichukua kikombe chake, akakuta chai imepoa, akainywa hivyo hivyo.

Inspekta hakumkazania. Alimsogezea balbu. "Basi niambie hii. Ilivunjika ikiwa inawaka au imezimwa?"

Hilo lilikuwa swali la ufundi, na Waya hakuweza kulikataa. Alivua miwani, akavaa ile ya kukuzia, akageuza kitako cha balbu kwenye mwanga wa dirisha.

"Ilikuwa inawaka. Ukiipasua imezimwa, huu uzi wa ndani unakatika tu, kama uzi wa cherehani. Ukiwa wa moto unalegea na kunyooka. Halafu hewa ikiingia, unaungua. Huu unga mweupe hapa ndio majivu yake."

"Nimekuelewa. Sasa sikiliza. Vipande hivi nimeviokota mtaroni, hatua sita kutoka ukingo wa barabara, nyuma ya kisiki. Gari haliwezi kufika pale."

"Basi taa ilibebwa kwa mkono."

"Ikiwa inawaka?"

"Kama fundi aliacha waya mrefu, mbona..." Waya alijikatiza. Alitazama ile nati yenye mabawa, kisha akaitazama sakafu.

"Na nati hii inafunguliwa kwa vidole, bila spana," Inspekta alisema kwa upole. "Nani alikuomba waya mrefu na nati ya vidole, Waya?"

"Inspekta, Sista amemzalisha mke wangu mara tatu. Wa mwisho alikuja kitovu kimemzonga shingoni. Yule mtoto leo anavyonisumbua kwa maswali, wewe acha tu. Usinifanye nimtaje Sista."

"Umeshamtaja."

Waya aliguna, akajipiga paji la uso. Baada ya hapo ilibidi aseme, na aliposema, alisema yote.

Walikuja wawili, miezi miwili iliyopita: Sista, muuguzi mstaafu, na mumewe, ambaye kila mtu alimwita Dereva kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya. Miaka ishirini na nane aliendesha gari la kliniki ya kutembea, Sista kiti cha pembeni, chanjo na mizani nyuma. Gari walilokuwa nalo sasa lilikuwa mkweche wa kazi, unaovuta kwa magurudumu yote manne, walioununua kliniki ilipoupiga mnada.

"Dereva alitaka taa za kupiga mbali," Waya alisema. "Kubwa kuliko zote. Nikamwambia, mzee wangu, njia yenu ina ukungu na kona, taa ya mbali itakuonyesha vilele vya miti. Chukua za kutandaza, tuzifunge chini, usawa wa bampa. Akabisha. Sista akasema, 'Msikilize fundi.' Mzee akakubali. Nikazipa waya wake mnene, relei, fyuzi karibu na betri, swichi ya peke yake. Sista ndiye aliyetaka taa ya kushoto iweze kuchomoka, ya kumulika wakipata pancha. Nikamwachia mita saba za waya zimeviringishwa nyuma ya ngao."

"Na kuzilenga?"

"Hapo ndipo nilipoona kioja." Waya alisimama. "Njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya gereji kulikuwa na ukuta uliopakwa chokaa. Waya alikuwa ameuchora msalaba wa chaki ya bluu kuonyesha katikati ya gari na mstari wa kimo cha taa. Chini ya mstari huo, upana wa vidole vinne, kulikuwa na alama mbili za duara zilizofifia.

"Gari linasimama pale, hatua kumi. Kwa kawaida dereva anakaa kwenye usukani, ananiambia pandisha, teremsha. Siku ile Sista alikaa kiti cha abiria, yeye ndiye akawa ananiongoza. Mzee alisimama nje, kaweka mkono juu ya boneti. Nikamwambia, mama, mwenye kuendesha ndiye akae. Akasema, 'Huyu taa zote anaziona sawa, wewe fuata mimi.' Tukacheka."

Inspekta alipima kwa hatua kutoka kwenye msalaba hadi kwenye kila duara. Duara la kushoto lilikuwa mbali sana, karibu na bomba la maji. La kulia, ambalo lilipaswa kumulika upande wa dereva, lilikuwa limevutwa hadi karibu na katikati.

"Waya, ukifunga hivi, nani anaona?"

"Ukingo wa kushoto unauona wote, hata sisimizi. Upande wa dereva unabaki na giza."

"Na dereva hakulalamika?"

"Hakulalamika." Waya alifikicha chaki kati ya vidole. Taratibu uso wake ulibadilika. "Inspekta, yule mzee haoni, ee?"

Inspekta alikuwa akiandika. Alipomaliza alifunga daftari, akamwomba Waya kitu kimoja: asiwapigie simu.

"Sitawapigia," alisema Waya. "Lakini na wewe uende nao taratibu."

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya barabara kuanza kupanda. Gari lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Kabla ya kubisha hodi, Inspekta alilifunua mbele. Kishikio cha taa ya kushoto kilikuwa kitupu, wima, hakijapinda hata kidogo. Waya wake ulikuwa umeviringishwa upya na kufungwa kwa bendeji. Alipiga magoti. Alipitisha kiganja juu ya ngao, bampa, boneti na ukingo wa tairi, akitafuta bonyeo, mkwaruzo, rangi ya bluu ya baiskeli. Hakukuwa na chochote. Chini, nyuma ya gurudumu la kushoto, alikuta kibanzi cha bati kimejibana kwenye springi. Kilikuwa kipande cha sanduku la mikate. Alikitia kwenye bahasha.

"Ukimaliza huko chini, karibu ndani," sauti ya mwanamke ilisema. "Tumekungoja siku tisa."

Sista alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba, nywele nyeupe, pamba imebandikwa kwa plasta kwenye mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Dereva alikuwa ameketi sebuleni, redio imefunguliwa tumbo mapajani mwake. Vidole vyake vilikuwa vikipapasa skrubu, moja baada ya nyingine, na kuzipanga kwenye kisosi. Inspekta alimwamkia, akamnyooshea kitambulisho chake. Mzee alitabasamu kuelekea mahali ambapo sauti ilikuwa imetoka. Mkono ulio na kitambulisho hakuuona. Inspekta alikirudisha mfukoni kimya kimya, na Sista akayaona hayo.

"Niliendesha mimi," Sista alisema haraka. "Andika hivyo."

"Una leseni, mama?"

"Sina. Ndiyo maana nilimgonga."

"Acha mambo yako, Sista," Dereva alisema. Aliweka redio chini. "Mwanangu, nilikuwa mimi. Tangu nimezaliwa huyu hajawahi kushika usukani."

"Tangu umezaliwa ulikuwa unanijua?"

"Tangu nimezaliwa, ndiyo. Kabla yako sikuwa nimezaliwa." Alisema bila kutabasamu, kama mtu anayetoa tarehe. "Andika mimi, Inspekta."

Inspekta aliketi. Alifungua daftari, lakini kalamu hakuitoa. "Nieleze alfajiri ile. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Hospitali kuu. Figo za Sista zimechoka, anasafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa. Zamu yake ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa anaingia mwingine."

"Na wewe macho yameanza lini?"

Dereva aligeuza skrubu moja kwenye kisosi.

"Mwaka wa tatu," Sista ndiye aliyejibu. "Yameanzia pembeni, yanakula kwenda katikati. Mchana anaona kama kwenye bomba. Alfajiri haoni. Mimi nakaa pembeni namwambia. Kushoto kidogo. Kulia. Shimo. Ng'ombe. Hatukuwahi kugusa hata kuku."

"Mpaka siku ile," Dereva alisema. "Nilisikia kishindo chini ya gurudumu la kushoto. Nikasimama. Sista akashuka, akapiga kelele kwamba kuna mtu mtaroni. Nikashuka, nikafungua taa ile, nikaingia nayo mtaroni nikiifuata sauti yake. Yeye akafunga mguu, mimi nikamulika pale aliponiambia. Mikono ilikuwa imelowa, taa ikaniponyoka, ikapasuka. Tukamalizia gizani. Tulimbeba sisi wawili, wazee hawa unaowaona. Nilipiga honi, nikaondoka. Mwanangu, sikuondoka kwa kuogopa jela. Wangeniuliza macho, wangechukua gari, na huyu..." Alinyoosha mkono, na mkono wa Sista ukawa umeshafika. "Huyu angeishi wiki mbili."

"Mlimwona akigongwa?"

"Nilisikia."

"Mama, wewe ulimwona?"

Sista alitazama ile pamba ya mkononi mwake.

Inspekta alifungua bahasha. Kwanza alitoa kibanzi cha bati, akakiweka kwenye kiganja cha Dereva. "Shika. Hiki ndicho ulichokanyaga. Sanduku la mikate. Lilikuwa barabarani peke yake."

Dereva alikipapasa. "Na baiskeli?"

"Baiskeli ilikuwa mtaroni. Haina alama ya gari, na gari lako halina alama ya baiskeli. Nimekagua kwa mkono huu. Uma wake wa mbele umekatika, na pale ulipokatika ni kutu tupu mpaka ndani. Alikuwa kwenye mteremko, uma ukakatika, akarushwa."

"Au nilimsukuma mimi ndipo ukakatika."

"Ngoja." Inspekta alitoa picha, akakumbuka, akairudisha. "Nitakueleza kwa mdomo. Askari wa kwanza alipiga picha pale mtaroni saa moja asubuhi. Ardhi yote ni tope, isipokuwa sehemu moja. Sehemu hiyo ni kavu, na ina umbo la mtu aliyelala. Mabega, mgongo, mguu mmoja umekunjwa. Zahanati nao wameandika kwenye kitabu chao: nguo zimelowa mbele, mgongoni kavu. Unanielewa, mzee? Alikuwa ameshalala pale kabla ya mvua kuanza. Mvua ilimnyeshea akiwa chini."

Dereva alikibana kile kibanzi kiganjani.

"Mlinzi wa zahanati anasema mvua ilianza saa kumi kamili, ikakatika saa kumi na moja kasorobo. Nyinyi mlitoka hapa saa ngapi?"

"Mvua ilipokatika," Sista alisema taratibu. "Tulingoja ikatike."

"Najua. Nyayo za matairi yenu zimekaa juu ya tope, kingo zake kali, hazikunyeshewa hata tone. Mlifika pale yeye akiwa ameshalala mtaroni karibu saa nzima. Daktari ananiambia angekaa nusu saa nyingine, damu ingemwishia." Inspekta aliinama mbele. "Hukumgonga, mzee. Kama msingepita, angekufa."

Dereva alikigeuza kile kibanzi mara mbili, tatu. Kisha akakiweka kwenye kisosi pamoja na skrubu zake, kwa uangalifu mkubwa, akafunika uso kwa viganja. Mabega yake yalianza kutikisika. Sista alimkumbatia kichwa, akakilaza tumboni mwake.

"Kuna jambo sijakwambia," Sista alisema hatimaye, juu ya kile kichwa. "Siku tisa linanila. Uliniuliza kama nilimwona yule mtu, nikasema ukungu ulikuwa mwingi. Mume wangu, sikuwa naangalia. Nilisinzia."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Ulikuwa unakoroma."

Sista alimwachia. "Mimi?"

"Kama jenereta. Nikaona umechoka, nisikuamshe. Nikaweka gia ya kwanza, nikawa natambaa kwa kusikiliza majani yanavyogusa mlango. Nikasema nikifika darajani nitakuamsha." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilidhani nimeua mtu kwa kukuonea huruma. Ningekwambiaje?"

Sista alicheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio katikati, kikarudi tena kuwa kicheko. Inspekta alisimama, akaenda kutazama kalenda ya ukutani kwa muda mrefu kuliko kalenda inavyohitaji. Jumanne na Ijumaa zote zilikuwa zimezungushiwa kalamu.

Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Jalada la kugonga nalifunga leo. Lakini leseni lazima niichukue, mzee. Hilo siwezi kulipita."

Dereva alijua ilipo. Aliitoa mfukoni mwa shati, akaipangusa, akampa. "Miaka arobaini na moja," alisema. "Haina doa."

"Nimeona." Inspekta aliiweka ndani ya daftari. "Sasa hili la hospitali. Nilimpigia mganga mkuu kabla sijafika hapa, kumuuliza magari gani ya wagonjwa hupita alfajiri. Wana gari linalokusanya wagonjwa wa mashine kwenye barabara hii. Hupita saa kumi na nusu, hapo chini kwenye mnara wa simu. Wamekuwa nalo miaka miwili."

"Miaka miwili?" Sista alikaa chini.

"Wanahitaji jina tu. Hakuna aliyewapa lenu."

Wazee wale walitazamana, mmoja kwa macho na mwingine kwa namna yake. Kuomba usafiri kungemaanisha kueleza sababu, na sababu ndiyo waliyokuwa wakiificha.

"Na muuza mikate?" Dereva aliuliza. "Anaongea?"

"Anaongea, anakula, analalamikia chakula. Mkewe ananiuliza kila siku ni nani aliyemfunga mumewe ule mguu."

Sista alishaanza kutafuta viatu.

Walitoka pamoja kwenda kumwona. Uani, Dereva alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa usukani wa gari la polisi, kwa mazoea, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Akasimama. Akazunguka mbele ya boneti huku akiipapasa, akafungua mlango wa abiria, akamshikia mkewe.

"Hapana," Sista alisema. "Leo kaa wewe hapa. Mimi nitakaa nyuma."

Inspekta aliwasha gari. Waliteremka polepole, vioo vimefunguliwa. Dereva alikaa wima, mikono juu ya magoti, hajui aiweke wapi. Baada ya kona ya kwanza, Sista aliegemea mbele hadi mdomo wake ukafika karibu na sikio lake.

"Kuna mwanamke anaanika mashuka," alisema. "Matatu meupe, moja la bluu. La bluu limemshinda, upepo umemfunga nalo kichwani."

"Anafanya nini?"

"Anacheka. Sasa kuna nyumba mpya, hawajaipaka rangi, lakini wameshaweka pazia. Kuna mbuzi juu ya kifusi, anajiona mkuu wa wilaya."

Dereva alianza kutabasamu. Miaka mitatu hakuwa amesikia chochote kuhusu njia ile isipokuwa kushoto, kulia na shimo.

"Endelea," alisema.